Watu wa Keringet Walikuja na Kondoo

Keringet
14 Februari 2024

Mama Nekoye,

Sitakuuliza kama u mzima. Nilipokuacha Jumamosi ulikuwa umesimama mlangoni mwako na mwiko mkononi, na mtu anayeshika mwiko namna ile ni mzima kabisa.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu nimekupigia simu kila siku tangu tutoke huko. Ukishika unasema, "Haloo! Haloo! Nani?" halafu unakata. Nimefikiri, basi, huyu mama hataki kusikia sauti yangu, na ana haki. Ujumbe wa simu nao siwezi. Simu yangu hushikwa na kila mtu hapa nyumbani, na haya ni maneno ya akina mama. Barua hii ataileta Kiprugut, dereva wa kanta, lile lori dogo linalotupelekea waru, viazi vyetu, sokoni Nakuru. Ni mtu mtulivu, haulizi maswali. Ukitaka kunijibu, mpe yeye.

Nianze na yale ninayojua tulikosea.

Tulikuambia tutakuja watu wachache wa kujitambulisha tu, ili Kang'ethe wangu na Nekoye wako waanze safari yao vizuri. Hivyo ndivyo nilivyopanga. Lakini asubuhi ile, kila mtu wa ukoo wa marehemu mume wangu alikuwa kando ya barabara amevaa suti. Ningewapita vipi? Kufika Sachangwan gari lilikuwa limejaa hadi watu wanakaliana magoti, na bado Mzee Mbugua anasema, "Simamisha, yule pale ni binamu." Nyumba yako ni vyumba viwili. Nilimwona shemeji yako Joash akitutazama tukishuka, tukishuka, tukishuka, na uso wake ukibadilika rangi.

Kondoo lilikuwa wazo la Mbugua. Yeye ni ndugu ya mume wangu na ndiye msemaji wetu. Nilimwambia watu wa mtaa wa Bondeni hawana pa kufungia kondoo. Akaniambia hakuna mwanamume aliyewahi kwenda kuomba mke mikono mitupu akarudi na heshima. Sasa heshima tuliiona. Nimeambiwa baadaye kwamba kwenu Wabukusu mkwe wa kiume hampi mama mkwe hata mkono, sembuse kumfuata kondoo chumbani, kama Kang'ethe, na kumkuta mama mkwe na petikoti. Nilitamani ardhi ipasuke. Na ulikuwa unabadilisha nguo kwa sababu Mbugua huyo huyo alikumwagia soda.

Halafu firigisi. Wifi yangu Sue hakujua. Kwetu kuku ni kuku, unachukua kipande kilicho karibu. Hakujua kwamba firigisi ni ya mwanamume mkubwa wa nyumba, wala kwamba Joash alikuwa ameitazama tangu sahani itoke jikoni.

Hayo yote naomba radhi. Lakini kuna moja linaninyima usingizi. Tulipokuwa tunaaga nilikuinamia nikakuambia neno zuri, la mama kwa mama. Ukaniruka mbele ya watu wote: "Mtoto wangu hafunzwi na watu wa viazi!" Mpaka leo sijui nilisema nini kibaya.

Na sasa Kang'ethe ananiambia Nekoye amekataa. Hataki ndoa. Asubuhi anatoka na jembe, jioni namkuta ameketi juu ya gunia, shamba halijaguswa. Huyu ndiye mwanangu wa pekee, Mama Nekoye. Niambie nilisema nini.

Mwenye haya ya kweli,
Rahab, Mama Kang'ethe


Bondeni, Nakuru
19 Februari 2024

Mama Kang'ethe,

Barua yako nimeipata, pamoja na kabichi. Kabichi ni nzuri.

Joash bado hajapoa. Nilichinja kuku mwingine nikampelekea firigisi kwa sahani yake, peke yake. Akaitazama, akasema, "Si hiyo." Kondoo wenu tulimpata kwa jirani yangu Mitchelle, amelala kwa kochi. Kabla ya kufika huko alikuwa amepitia kibanda changu cha mapazia. Kama unajua mtu anayetaka pazia lenye upande mmoja tu, mwambie anione.

Kuhusu Kang'ethe na chumba changu, siandiki. Kuna mambo hata karatasi huona haya.

Lakini hilo unaloita neno zuri limenishangaza. Ulinishika bega, ukaniinamia, ukasema, "Nekoye tutamfunza." Hivyo tu, na tabasamu juu. Mimi si mtu wa maneno mengi lakini nataka unielewe. Baba yake Nekoye alikuwa fundi wa reli. Alipofariki msichana alikuwa hajaanza hata shule. Nilimlea kwa mshahara wa kiwandani, nikitoka zamu ya usiku namfunga viatu, namsindikiza shule, ndipo nalala. Leo anauza dawa kwenye duka la dawa mjini na watu wazima wanamwita daktari. Huyo ndiye mnataka kufunza? Mtamfunza nini? Kuchimba viazi?

Aliponiona nimeudhika, naye akaudhika. Kesho yake akaniambia, "Mama, mimi siendi Keringet." Sikumuuliza sababu. Niliijua. Damu ni damu.

Sina kinyongo na kijana wako. Ana adabu, isipokuwa anapofuata mifugo. Lakini msichana amesema.

Ambaye bado anafagia mavi ya kondoo,
Nerima


Keringet
22 Februari 2024

Mama Nekoye,

Tutamtunza! Nilisema tutamtunza. Kama mtu anavyotunza mbegu ya msimu ujao. Siyo kufunza. Kutunza!

Nimesoma barua yako nimesimama shambani na nikakaa chini hapo hapo kwenye matope.

Wacha nikuambie kitu. Nilipoletwa hapa nikiwa mke mpya, kutoka Njoro, mama mkwe wangu alinifunza. Nikimenya waru, anaokota maganda kwenye ndoo, anayainua mbele ya wageni: "Tazameni, huyu anamenya mpaka moyo wa kiazi." Nikipika chai, anaimwaga, anapika yake. Mume wangu alikuwa mtu mwema lakini mbele ya mama yake alikuwa kama paka aliyenyeshewa. Nililia katika lile jiko la nyuma mpaka moshi ukawa rafiki yangu, maana watu wakiniona na macho mekundu wanadhani ni kuni. Nikaapa kwamba siku nikipata mke wa mwana, neno hilo halitatoka kinywani mwangu. Na katika maneno yote ya Kiswahili, ndilo ulilolisikia.

Sue alikuwa kando yangu, alisikia nilichosema. Mbugua alisikia. Na Nekoye mwenyewe alikuwa amesimama hapo na trei ya vikombe. Nilimwona akitabasamu kabla hujapaza sauti.

Sasa fikiria, dada yangu. Kama msichana alisikia sawasawa, mbona amekataa? Mimi sijui. Wewe ndiye unaishi naye. Muulize.

Kang'ethe ameomba aweke karatasi yake humu. Sijaisoma.

Rahab


(Ndani ya bahasha hiyo hiyo)

Mama,

Nakusalimia kwa heshima. Nekoye aliniambia siruhusiwi kuongea na wewe uso kwa uso, lakini sikumuuliza kama kuandika kunaruhusiwa. Kama hakuruhusiwi, tafadhali usisome kutoka hapa.

Mama, sikuona kitu. Nilipoingia nikasikia umepiga nduru, nilifumba macho. Ndiyo maana nikagonga kabati. Nilitoka bado nimefumba, ndiyo maana nilimshika Mzee Mbugua kwa koti nikamvuta hadi nje nikidhani ni kondoo. Kabati nitakuja kutengeneza siku ambayo haupo nyumbani.

Mimi si mtu wa kuongea. Nalima waru. Nilimjua Nekoye nikienda kununua dawa ya macho, na macho yangu hayakuwa na shida yoyote. Nilirudi tena na tena mpaka akaniambia, "Boss, ukiendelea kujiwekea hii kitu utapofuka kweli." Hapo ndipo nikamwambia ukweli.

Simlazimishi. Amesema hapana, na kwetu hapana ya mtu ni yake. Nataka tu ujue sikuja kwako na ubaya.

Kang'ethe


Bondeni
11 Machi 2024

Mama Kang'ethe,

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Kiprugut amekuwa akipita hapa na kuniinulia nyusi, nami natikisa kichwa.

Nilienda mbele ya kioo nikayasema yale maneno mawili, tutamtunza, tutamfunza, huku nikiitazama midomo yangu. Ukiwa makini utaona meno ya juu yakigusa mdomo wa chini kwa hilo la pili. Ukiwa umezungukwa na watu wanaocheka na kuagana, huoni. Unakisia. Nami nilikisia vibaya.

Mama Kang'ethe, mimi sisikii.

Nilikaa kwenye mashine za kufuma tangu nikiwa msichana, na mashine zile zilikuwa zinapiga kelele kiasi kwamba tulikuwa tunaongea kwa vidole. Sikio la kushoto lilikufa nikiwa bado kazini. La kulia linafuata pole pole. Nimejifunza kusoma midomo ya watu. Nimejifunza kucheka wengine wakicheka. Redio naiwasha kila asubuhi kwa sababu majirani watashangaa ikiwa kimya. Ukinipigia simu nasema haloo, haloo, kwa sababu sijui ni nani, halafu nakata kabla mtu hajagundua. Haikuwa dharau.

Hata msemaji wenu, Mzee Mbugua, aliposimama akasema wameona ua zuri katika boma hili na wanaomba kulichuma, mimi nilimjibu choo kiko nyuma, upande wa kushoto. Mlicheka, nikacheka. Nekoye ndiye aliyenieleza jioni, akasema nimefanya mzaha mzuri. Nikakubali kwamba ulikuwa mzaha.

Kwa hivyo nimewatukana watu waliokuja kwangu na heshima, kwa ajili ya neno ambalo halikusemwa. Nisamehe. Na kwa yale uliyopitia katika lile jiko la nyuma, pole sana.

Nilimwambia Nekoye kwamba nilikuelewa vibaya, kwamba wewe ni mtu mzuri. Akasema, "Sawa, Mama." Nikamuuliza, "Basi kwa nini unakataa?" Akageukia sinki akaanza kuosha vyombo, akaongea akiwa amenipa mgongo. Aliongea muda mrefu. Sikupata hata neno moja, na sikuweza kumwambia arudie.

Yeye hajui kuhusu masikio yangu. Nakuomba usimwambie, wala usimwambie Kang'ethe. Akijua, ataanza kunishika kama sahani ya udongo, na mimi bado nina nguvu zangu.

Nerima


Keringet
21 Machi 2024

Mama Nekoye,

Nimesamehe kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza. Lile la choo tumelisimulia hapa mpaka tukalia, na Mbugua anakuheshimu sana kwa ajili yake. Anasema hajawahi kuona msemaji anayekata mtu kauli namna hiyo.

Sasa nisikilize, maana nimekuwa ghala la siri za nyumba yako na ghala limejaa.

Juzi nilikuwa na Kang'ethe tunachagua waru, wakubwa huku, wa mbegu huku. Nikamuuliza, "Huyu msichana alikuambia nini hasa?" Akaendelea kuchagua. Nikamwacha. Mtoto wangu ukimwacha kwa muda, huongea mwenyewe. Mwishowe akasema, "Mathe, aliniapisha nisimwambie mama yake. Hakuniapisha nisikwambie wewe."

Nekoye anajua, Mama Nekoye. Amejua tangu akiwa shule. Kanisani anakaa upande wako wa kulia. Akitaka kukuambia jambo kubwa, hukugusa mkono kwanza ndipo anaongea, ili umtazame mdomo. Siku watu wetu walipokucheka kwa lile la choo, alitaka kumwagia mtu chai. Na ulipokosea neno langu, aliona jinsi ulivyokuwa peke yako katikati ya watu wote wale. Akamwambia Kang'ethe, "Nikipanda huko juu kwenu, nani atakuwa masikio ya mama?" Hayo ndiyo aliyoyasema. Nadhani ndiyo aliyoiambia sinki pia.

Wewe umeniapisha nisimwambie yeye. Yeye amemwapisha Kang'ethe asikuambie wewe. Hakuna aliyeniapisha mimi nisikuambie yake, kwa hivyo nimepita hapo hapo kwenye upenyo. Kama ni dhambi nitaungama Jumapili.

Sikushauri kitu. Wewe ni mama na umeweza zaidi yangu. Lakini nilitaka usiwe mtu wa mwisho kujua jambo la nyumbani kwako.

Karibu Keringet wakati wowote. Mlango hatufungi, na kabichi ni nyingi.

Rahab


Bondeni
6 Aprili 2024

Nekoye,

Usinitafute. Napanda kanta ya Kiprugut kwenda Keringet.

Nilitaka kwenda peke yangu, kimya kimya. Lakini Joash aliniona nikipiga pasi nguo ya Jumapili, akasema mwanamke wa Kibukusu haendi kwa watu bila mwanamume wa ukoo. Kisha Mitchelle akasikia, naye akawaambia kina mama wa kanisa. Sasa tunapanda wote nyuma ya kanta na ngoma mbili, keki, na mtungi wa pombe ya busaa ambayo Joash anadai ni uji. Mama mzazi hapaswi kwenda kulala kwa watu waliomposa binti yake, najua. Utanigombeza nikirudi.

Ugali uko kwa sufuria, mboga ya sukuma imefunikwa. Kibanda nimekifunga.

Mama


Keringet
8 Aprili 2024

Nekoye mwanangu,

Mimi ni mzima. Joash pia, ingawa hawezi kuongea vizuri kwa sababu ya uji wake.

Kanta ilikwama kwenye matope tukiwa tunaliona lango. Kina mama wakasema basi tuingie kwa miguu na ngoma. Ng'ombe wa Mama Kang'ethe hawajawahi kusikia ngoma ya kanisa letu. Waliruka ua, wote, wakateremka hadi kwenye waru wa jirani. Mzee Mbugua alitoka mbio ndani ya nyumba akiwa na suti na bakora, akidhani ni wezi, akateleza, akatua miguuni mwa Joash. Joash alimtazama pale chini muda mrefu. Nilijua anaifikiria firigisi. Kisha akamshika mkono akamwinua, akamfuta matope kwa leso yake mwenyewe. Tangu hapo hawaachani. Wanabishana kuhusu mpira tangu asubuhi, na hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Mama Rahab alisimama mlangoni akatutazama tukiingia, tukiingia, tukiingia. Akaangua kicheko mpaka akashika ukuta.

Tulipokwisha kula nilisimama mbele ya watu. Nikasema, "Mimi ni Nerima. Nilifanya kazi kiwandani na mashine zimechukua masikio yangu. Mtu akitaka kuniambia jambo, anitazame usoni na aseme pole pole. Siku mlipokuja kwangu nilimtukana mwenye nyumba hii kwa kitu ambacho hakusema. Nimekuja kusema hivyo mbele ya wote waliosikia nikimtukana."

Hakuna aliyecheka. Mbugua akaja mbele yangu, karibu kabisa, akavuta pumzi akasema, pole pole kama anayemfundisha mtoto, "Mama. Choo. Kiko. Wapi?" Ndipo wakacheka, na mimi nikacheka, na safari hii nilijua tunacheka nini.

Kesho Rahab ananipeleka Molo kwa mtu wa masikio. Anasema kuna vifaa vya kuweka ndani. Nimeogopa kwenda huko miaka yote nikidhani nikimwambia daktari, nawe utajua. Kumbe ulikuwa unajua. Kanisani nilidhani unapenda kukaa karibu na dirisha.

Sasa nisikilize wewe. Nilidhani umekataa ndoa kwa ajili ya heshima yangu, nikajivuna. Nilipojua ni kwa ajili ya masikio yangu, nilikaa kwa kitanda nikalia. Si kwa huruma. Kwa hasira. Nilikulea ili uende mbele, na wewe umegeuka umeketi kando yangu kama mlinzi wa geti. Mimi si sababu, Nekoye. Usinifanye sababu. Kama humtaki Kang'ethe, mwambie humtaki, nami nitapanda kanta nirudi nyumbani bila neno. Kama unamtaka, basi mtake. Lakini iwe ni wewe unayeamua, si sikio langu.

Kijana bado haingii chumba nilichomo. Jana aliniletea chai, akaiweka kizingitini, akabisha, akakimbia.

Mama yako,
Nerima


Nakuru
10 Aprili 2024

Mathe,

Nimesoma barua yako kwa kaunta ya duka mpaka mteja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, mama yangu amehamia kwa in-laws kabla yangu.

Kwanza nimekasirika. Ungeniambia. Miaka yote hiyo tunaigiza tu hapo nyumbani, wewe unajifanya unasikia, mimi najifanya sioni. Redio inaongea na ukuta. Siku ile kwa sinki nilikupa mgongo makusudi. Nilikuwa nasema kila kitu kwa sauti, kwa sababu nilijua hautasikia, na nilitaka kusema mahali. Hiyo ilikuwa vibaya. Nisamehe.

Lakini umeniambia niamue, kwa hivyo wacha nikwambie na ile ingine, ambayo hata Kang'ethe hajui. Masikio yako ilikuwa sababu nzuri sana, Mama. Hakuna mtu angebishana nayo. Msichana anabaki kumtunza mama yake, nani atasema kitu? Hata mimi niliiamini. Ukweli ni kwamba nilipowaona wale watu wamejaa kwa nyumba yetu, wanacheka, wanakula, wanaulizana mambo ya shamba, kondoo anapita katikati yao na hakuna anayeshtuka, niliogopa. Si eti nilichukia. Niliwapenda. Hiyo ndiyo ilinitisha. Tumekuwa wawili tu, mimi na wewe, na nyumba yetu ina vikombe viwili vya kila siku. Sikujua vile mtu anakuwa wa watu wengi hivyo. Nikaona nitapotea kati yao, na hakuna atakayegundua. Basi nikajificha nyuma yako.

Sasa unaniambia umesimama peke yako mbele ya hao watu wote na haukupotea.

Nimeomba ruhusa kazini. Nitapanda Jumamosi. Mwambie Kang'ethe sijasema ndiyo. Nakuja kuongea naye mwenyewe, mambo yetu wawili, bila wazee na bila mifugo. Mwambie tu aoge.

Na wewe usirudi kabla sijafika. Nataka nikishuka nikupate hapo, ukiwa umeshajua mahali wanaweka sukari.

Nekoye


Bondeni
5 Septemba 2024

Rahab dada yangu,

Umeniuliza kwa simu jana, na nilikusikia kila neno, lakini nilikuambia nitakujibu kwa barua kwa sababu nimezoea kukuandikia. Unaniuliza watu wa Mbugua walipiga makofi kwa nini kanisani siku ya harusi kabla pasta hajasema wapige. Wewe ulikuwa mbele, umeficha uso kwenye leso, hukuona kitu.

Kwanza habari za watoto. Nilipita kwao Molo Jumanne. Nyumba ni ndogo lakini haivuji. Nekoye ameshapata kazi kwenye duka la dawa karibu na stendi, na Kang'ethe anapanda huko kwako na pikipiki asubuhi kama mnavyoona. Amenisalimia akiwa amesimama nje ya mlango, macho chini. Nikamwambia, "Kang'ethe, mwanangu, ingia, tumeshachanganyika." Akaingia. Akakaa ukingoni mwa kiti. Ni hatua.

Kile kidude cha sikioni nimekizoea. Wiki za kwanza nilikivua kila mara. Dunia ina makelele, hukuniambia. Bati letu linalia. Mitchelle anakoroma mpaka huku kwetu kupitia ukuta. Niligundua kwamba mimi mwenyewe huongea kwa sauti ya juu sana. Nimekuwa nikimpigia mtoto wangu kelele tangu azaliwe na hajawahi kuniambia.

Sasa, ile siku. Stima ilipopotea na kipaza sauti kikafa, watu wote wakaguna. Pasta akasema tuendelee hivyo hivyo. Mvua nayo ilikuwa imeanza. Akamuuliza Kang'ethe, naye akajibu kama mtu anayeita ng'ombe, kila mmoja alisikia. Kisha akamuuliza Nekoye. Unajua sauti ya Nekoye. Ndogo, ya mtu anayekuelezea dawa ili wengine kwa foleni wasisikie. Akajibu.

Nyuma yangu Mbugua akamgusa Joash, akauliza, "Amesema nini?" Joash hakujua. Akamgeukia Sue. Sue hakujua. Ikapita kiti hadi kiti, watu wanaulizana, amesema nini, amesema nini, amekataa?

Nikageuka. Nikawaambia mimi.

"Amesema ndiyo."

Nerima